Mieleka: kujua pigo linalofuata si kasoro ya mchezo

Mhariri,

Mieleka ya kulipwa, ile ya maonyesho ambayo wapambanaji hushirikiana na mshindi hupangwa kabla, ikitajwa kwenye kurasa za michezo, lawama moja haikosi: wanamieleka hawana jipya, wanarudia mapigo yale yale kwa mpangilio ule ule, na hata mtazamaji mgeni, akishaona mapambano matatu ya mtu mmoja, anaweza kutaja pigo linalofuata kabla halijapigwa. Hilo ni kweli tupu. Ninachokataa ni hukumu inayofuatia, kwamba huo ni uvivu. Mfululizo huo hupangwa ili ujulikane. Una kazi zake, na kazi hizo zina masharti. Mifululizo mibovu ipo, tena mingi, ila ubovu wake hautokani na kurudiwa.

Tuanze na John Cena, kwa sababu ndiye aliyesutwa sana. Hivi ndivyo ilivyokuwa enzi zake ulingoni: baada ya kupigwa muda mrefu, anazinduka. Anatoka mbio kwenye kamba na kumkumba mpinzani kwa bega. Mpinzani anaanguka chali, anainuka, anakumbwa tena. Mara ya tatu mpinzani anarusha ngumi. Cena anainama, ngumi inapita juu, naye anaibukia mgongoni kwa mwenzake, anamnyanyua, anamzungusha na kumbwaga chali katikati ya ulingo. Anasimama juu yake, anapunga kiganja mbele ya uso wake, anakimbilia kamba, anarudi, anajipangusa bega, kisha anaangusha ngumi kwenye paji la uso. Mpinzani akijikongoja kuinuka, anabebwa akiwa amelazwa kukingama mabega ya Cena, anatupwa, na mwamuzi anahesabu hadi tatu mabega ya mpinzani yakiwa yamebanwa sakafuni, pambano limekwisha.

Sasa tazama kazi ya kila kipande. Makumbo mawili ya bega yanaleta maanguko mepesi kuliko yote, yale ambayo mwanamieleka hujifunza mwanzo kabisa: kidevu kimebanwa kifuani, pumzi inatolewa, na sehemu ya juu ya mgongo inafika sakafuni pamoja na viganja. Kwa hiyo yanaweza kufanywa kwa kasi hata watu wakiwa wamekwisha pumzi, na kasi ndiyo inayowainua watazamaji vitini. Ngumi inayokosa shabaha ndiyo bawaba ya mfululizo mzima. Bila ngumi hiyo Cena hana sababu ya kuwa mgongoni mwa mtu. Mpinzani akichelewa kuirusha, au akiirusha chini mno, utaona watu wawili wamesimama wakitazamana kwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo inatosha kuharibu kila kilichojengwa. Ule mzunguko nao una kazi zaidi ya kuumiza. Ndio unaochagua mahali pa kulala. Mpinzani lazima awe katikati ili Cena apate nafasi ya kukimbilia kamba na kurudi, na Cena mwenyewe aelekee kamera kubwa iliyosimama upande mmoja wa ukumbi, maana ishara ya kiganja haina faida ikitazamwa kwa nyuma. Ulingo wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, una futi 20 kila upande, yaani mita 6 hivi. Mtu akilala futi tatu tu nje ya shabaha, hatua za kukimbia zinapungua au zinazidi.

Kabla ya Cena, utani wa "mapigo matano ya maangamizi", yaani kumaliza kila pambano kwa mapigo yale yale, alikuwa akipigwa Bret Hart, na kwa Bret mpangilio ulikuwa na hoja ya ziada, kwa sababu karibu yote ulikuwa unaandaa mgongo. Kwanza anasimama bega kwa bega na mpinzani, anamzungushia mkono shingoni, anamfyeka mguu, na wote wawili wanaanguka kinyumenyume. Kisha anamnyanyua na kumtua mgongo juu ya goti. Anapanda kamba ya kati na kushuka na kiwiko. Mwisho unakuja mshiko wa Sharpshooter: mpinzani akiwa chali, Bret anaingiza mguu wake mmoja katikati ya miguu ya mwenzake, anaikunja miguu hiyo kuuzunguka mguu wake, anaibana kwa mkono, anamvuka na kumgeuza kifudifudi, kisha anachuchumaa akiegemea nyuma. Mgongo uliotwangwa kwa dakika kadhaa sasa unapindwa. Mtazamaji haambiwi kitu, lakini anaelewa kwa nini mtu anagonga sakafu kusalimu amri.

Anayegeuzwa ndiye mwenye kazi kubwa pale. Lazima azungushe kiuno chake mwenyewe na kusukuma sakafu kwa viganja katika sekunde ile ile Bret anapomvuka. Akikakamaa, mshiko unakwama nusu njia, na goti la mmoja wao ndilo linalolipa. Tena anajikabidhi mzima mzima. Tarehe 9 Novemba 1997 mjini Montreal, Bret mwenyewe alikubali Shawn Michaels amfunge kwa Sharpshooter, akitarajia kugeuza kibao sekunde chache baadaye kama walivyopanga. Kengele ikagongwa kabla hajafanya hivyo wala hajasalimu amri, na ubingwa ukaondoka. Kisa kile husimuliwa kama siasa za kampuni, na ni kweli, ila kinaonyesha pia kwamba mfululizo unasimama juu ya kuaminiana.

Lawama ya uvivu inapotoka zaidi inapogusa usalama. Mwisho wa pambano la dakika ishirini watu wamechoka, jasho linateleza, na mwamuzi amekwisha kuwanong'oneza kwamba muda unakaribia kwisha. Huo si wakati wa kubuni. Neno moja linatosha na wote wawili wanajua mapigo manne yajayo, nani atue wapi, kichwa kielekee upande gani. Pengine wawili hao hawana hata lugha moja ya kuzungumza. (Hata mkono una upande wake: Marekani na Japani mishiko hufanywa upande wa kushoto wa mpinzani, Meksiko hufanywa kulia. Mgeni asiyezoea hutoa mkono usiotakiwa na shughuli inasimama.)

Chukua Tombstone ya Undertaker. Mpinzani anashikwa kichwa chini miguu juu, halafu Undertaker anapiga magoti. Kichwa kinabaki kati ya mapaja, juu kidogo ya sakafu, na magoti ndiyo yanayopokea uzito. Tarehe 3 Agosti 1997 huko East Rutherford, New Jersey, Owen Hart alimshusha Steve Austin kwa staili inayokaribiana na hiyo, lakini alikaa badala ya kupiga magoti. Kichwa cha Austin kilikuwa kimetokeza chini ya mapaja, kikafika kwanza. Shingo iliumia, akashindwa kusogeza viungo kwa muda, na jeraha hilo lilimfuata hadi alipoacha ulingo mwaka 2003. Tofauti ya kupiga magoti na kukaa, kwa mtazamaji wa mbali, ni ndogo mno. Pigo linalofanywa vile vile kila usiku ndilo linalompa anayepigwa nafasi ya kujua kichwa chake kiko wapi.

Mazoea nayo yana gharama yake. Hulk Hogan alimaliza mapambano yake kwa mpangilio ambao hata mtoto aliujua: anapigwa ngumi haumii, anatetemeka, ananyoosha kidole, anazuia ngumi inayofuata, anarudisha tatu, anamrusha mpinzani kwenye kamba, anampokea kwa buti usoni, kisha anaruka na kuangusha paja kwenye shingo. Paja lile lilimtua Hogan kwa makalio usiku baada ya usiku, miaka nenda miaka rudi, na mwenyewe alikiri hadharani kwamba ndilo lililomharibu mgongo na nyonga. Angechagua pigo la kusimama, angetembea vizuri zaidi uzeeni.

Tatizo gumu kuliko yote katika mfululizo wowote ni kusubiri. Mtu mwenye akili timamu hasimami akingoja kupigwa, kwa hiyo lazima apewe udhuru. Pigo la 619 la Rey Mysterio linamtaka mpinzani awe ameangukia kamba ya kati, uso nje, wakati Rey anakimbia hadi kamba ya upande wa pili, anarudi, anashika kamba na kuzungusha miguu katikati yake ili imfikie usoni. Rey humfikisha pale kwa kumpiga ngwala, au kwa teke la mgongo, au kwa kumbana kichwa na miguu na kumrusha. Hadi hapo ni sawa. Kinachoharibu ni sekunde zinazofuata. Mpinzani mzuri hutundika mikono yote miwili juu ya kamba, anakohoa, anatazama nje. Mpinzani mbaya anageuza shingo kumwangalia Rey amefika wapi, na kamera inamnasa.

Undertaker alipotembea juu ya kamba akiwa amemshika mpinzani mkono, aliyeonekana kutekwa ndiye aliyekuwa mhimili wake. Mpinzani anakaza mkono na kusogea taratibu naye, hatua kwa hatua. Akiulegeza, mtu mwenye urefu wa karibu futi saba anaporomoka kutoka juu. Na The Rock, kwa kiwiko chake mashuhuri, aliomba subira kuliko wote: baada ya kumbwaga mtu, anasimama kichwani pake, anavua kinga ya kiwiko na kuirusha kwa watazamaji, anapunga mikono, anakimbia kamba ya upande huu, anamruka aliyelala, anakimbia ya upande ule, anarudi, anasimama kabisa, ndipo anaangusha kiwiko. Kwa nguvu zake lile ni pigo dhaifu. Lilikubalika kwa sababu Rock hakujifanya kwamba ni hatari. Alilitoa kama dharau, na aliyekuwa chini alikuwa ametoka kubwagwa vilivyo. Wanaoliiga bila lile bwago la kwanza huambulia kichekesho.

Faida kubwa ya mfululizo unaojulikana huonekana siku unapokatika, na siku hiyo haipo kama hapakuwa na mazoea. Tarehe 1 Aprili 1990, Toronto, Hogan alipambana na Ultimate Warrior. Alitetemeka kama kawaida, ngumi zikaenda kama kawaida, buti likafika usoni, akaruka na paja. Warrior akajiviringisha pembeni. Paja likakuta sakafu tupu, Warrior akakimbia kamba, akamwangukia kwa kifua, na Hogan akabanwa mabega hadi tatu. Watu hawakuwa wamezoea kabisa kumwona akishindwa hivyo. Hakukuwa na pigo jipya hata moja. Kilichokuwa kipya ni kipande cha mwisho kukosa.

Tarehe hiyo hiyo miaka 22 baadaye, huko Miami Gardens, Cena alimlaza The Rock na, kwa kiburi, akaamua kummaliza kwa kiwiko cha Rock mwenyewe. Alipotoka kwenye kamba, Rock alikuwa amesimama. Akamdaka, akambwaga kwa Rock Bottom, pigo lake la kumalizia, pambano likaisha. Cena alishindwa kwa sababu aliacha mfululizo wake na kuazima wa mwenzake. Hadithi nzima ilieleweka bila mtangazaji kufungua kinywa, na ilieleweka kwa sababu kila mtu ukumbini aliijua mifululizo yote miwili.

Huko Japani wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Kazuchika Okada humaliza kwa Rainmaker: anamshika mpinzani kifundo cha mkono akiwa nyuma yake, anamzungusha nje, anamvuta kwake na kumkata shingoni kwa mkono. Kenny Omega, Mkanada, humaliza kwa One-Winged Angel: anamkalisha mtu mabegani, kisha anamshusha kwa kichwa na shingo. Walipokutana Tokyo Dome tarehe 4 Januari 2017 walipigana dakika 46 na sekunde 45, na Omega hakufanikiwa hata mara moja kulitimiza pigo lake. Kila alipomweka Okada mabegani, Okada aliponyoka. Mwezi Juni, Osaka, pigo lilitimia, lakini mguu wa Okada ukafika kwenye kamba, kwa hiyo hesabu haikuwa halali. Dakika 60 zikaisha wakiwa sare. Agosti lilitimia katikati ya ulingo, na Omega akashinda. Tarehe 9 Juni 2018 lilitimia tena, na ubingwa ambao Okada aliushika siku 720 ukabadilisha mkono. Pambano la kwanza halikuonyesha pigo lenyewe, na bado ndilo lililolipandisha thamani kuliko yote. Kwa nini? Kwa sababu katika mapambano hayo, pigo likishatimia, Okada hakujinasua kwa kunyanyua bega hata mara moja. Swali la watazamaji lilibaki moja tu, kama litatimia.

Hapo ndipo penye kasoro ninayoiona leo, na ndiyo ningependa iandikwe badala ya ile ya kurudia. Pigo la kumalizia linatumika ovyo. Mtu anapigwa, anahesabiwa mbili, ananyanyua bega. Anapigwa tena, anahesabiwa mbili, ananyanyua bega. Mara ya kwanza ni mshtuko. Undertaker alipompiga Michaels Tombstone mwaka 2009 mjini Houston na Michaels akajinasua, uso wa Undertaker ulieleza kila kitu, kwa kuwa pigo hilo lilikuwa limelindwa kwa miaka. Lakini tarehe 8 Aprili 2018 mjini New Orleans, Brock Lesnar alimpiga Roman Reigns F-5, pigo lake la kumalizia, moja baada ya nyingine, zaidi ya nne, na watazamaji wakawa wanachezea mipira ya ufukweni wakati pambano kuu likiendelea. Walikuwa wamekwisha kuonyeshwa kwamba F-5 haimalizi kitu, basi walikuwa wakitazamia nini? Linganisha na usiku wa Novemba 2016, Toronto: Goldberg alimkumba Lesnar huyo huyo kwa Spear mbili, akamnyanyua wima na kumbwaga kwa Jackhammer, na sekunde 86 zikatosha. Mapigo mawili tu ya miaka ya tisini, yasiyo na jambo jipya, na ukumbi ulilipuka.

Mapigo mafupi yana kanuni yake tofauti. Stunner ya Austin haidai maandalizi: teke la tumbo, kugeuka, kichwa begani, kukaa chini. RKO ya Randy Orton, ya kudaka kichwa na kuanguka nacho, ni fupi zaidi, na ndiyo maana inaweza kutoka popote, hata mpinzani akiwa hewani. Hata hivyo Orton ana mlango wa pili: anamvuta mpinzani kutoka nje ya kamba hadi miguu ibaki imening'inia kwenye kamba ya kati, anamshusha kichwa kwa DDT, kisha analala kifudifudi na kutwanga sakafu kwa ngumi akimsubiri ainuke. Pigo moja, njia mbili: ya kushtukiza na ya kutangaza. Huyo hawezi kuitwa mvivu.

Kuna ubovu mwingine ambao mashabiki wengi huushangilia, nami siupendi. Ni ule wa kujibizana: huyu anajaribu pigo lake la mwisho, yule anaponyoka na kujaribu la kwake, huyu naye anaponyoka, na kadhalika mara nne au tano bila hata mmoja kupigwa. Mwanzoni ulikuwa ushahidi kwamba wapinzani wanafahamiana. Siku hizi watu waliokutana kwa mara ya kwanza wanaufanya. Ukifikiri kidogo utauona kuwa ni mfululizo kama mingine, ila huu hauna mwenyewe.

Na mguu uliotwangwa. Mpinzani anatumia dakika kumi kuushambulia mguu wa kushoto, anaupinda, anaugonga kwenye nguzo ya kona. Kisha mwenye mguu anazinduka na kukimbia kamba hadi kamba kana kwamba hakuna kilichotokea. Mfululizo hauna kosa hapo. Unaweza kufanywa na mguu mbovu: makumbo mawili yawe moja, baada ya bwago apoteze sekunde tatu ameshika goti, na sekunde hizo tatu zimpe mpinzani nafasi ya kukwepa. Wanaofanya hivyo wapo, na huwatambui kwa mapigo mapya bali kwa namna wanavyochechemea kuyaendea ya zamani. Sitaji vibao vya paja, ule mlio wa kiganja kila teke linaporushwa, kwa sababu siku hizi vimezidi hata mtazamaji wa safu ya mwisho anajua unatoka wapi.

Ombi langu kwa waandishi wenu wa michezo ni dogo. Wanaporipoti pambano, wasiishie kuandika kwamba fulani alimshinda fulani kwa pigo lake la kawaida. Waandike mfululizo ulianza dakika ya ngapi, ulikatwa mara ngapi na kwenye kipande gani, na kama kuna aliyejinasua kutoka katika pigo la mwisho, hiyo ilikuwa mara ya ngapi mwaka huo. Na waandike pia juu ya aliyepigwa: alirusha ngumi yake kwa wakati? Alilala pale alipotakiwa bila kujiburuza? Jina lake kwa kawaida hupata nusu sentensi, na mara nyingi yeye ndiye aliyefanya zaidi ya nusu ya kazi.

Msomaji wenu,
Mpenzi wa mieleka